Sukari ya Mgonjwa

Mtopanga, Kisauni
4 Februari 2024

Shikamoo Mama,

Hujambo? Kifua chako kimepoa? Mimi sijambo, dawa nameza na usingizi umerudi.

Lakini nina hasira nawe. Nilipovunjika mguu, kina mama wa kanisa walijaa hapa na sukari, unga na sabuni, wakaimba mpaka jirani akalalamika. Safari hii nimetoka wodi ya wagonjwa wa akili, hata majani ya chai sijaona. Kumbe uliwaambia niko Nairobi kikazi! Mama, mimi niliugua. Nataka pole yangu kama mgonjwa mwingine yeyote.

Binti yako,
Sidi

Kaloleni
11 Februari 2024

Marahaba mwanangu,

Kifua hakijambo, namshukuru Mungu.

Tulia kidogo. Wakwe wa mdogo wako Judy wanaleta mahari baada ya Pasaka. Wakisikia kwetu kuna wazimu watageuza njia. Siku hiyo usije, nitasema bado uko Nairobi. Mguu ni mguu tu, lakini hili watu watalisema hadi kwa wajukuu.

Mamako

Mtopanga
22 Februari 2024

Shikamoo Mama,

Natumai u mzima.

Nimekwisha sema. Jumapili kanisani walipouliza kama kuna tangazo, nilisimama: "Sikwenda Nairobi. Niliugua akili, nikalazwa, natumia dawa. Sukari yangu naingoja."

Wawili wakahama benchi letu. Nami nikahama, nikawafuata walikokaa.

Jumanne alikuja mmoja tu wa kina mama wa kanisa, Dama, na kilo moja ya sukari. Kabla hajamaliza chai akaanza kulia. Amemfungia mwanawe chumbani, huu mwaka wa pili, kwa kuona haya. Jana tulikwenda kliniki sote watatu, mimi, Dama na mwanawe.

Basi siku ya mahari nakuja, na gauni langu jekundu. Ukinificha nitajitokeza.

Kifungua mimba wako,
Sidi

Kaloleni
9 Machi 2024

Marahaba Sidi,

Sisi wazima.

Barua yako ilinikasirisha, nikaitupa uvunguni. Kisha nikaiokota.

Sikumtuma mshenga. Nilikwenda kwa wakwe mwenyewe, nikawaambia binti yangu mkubwa aliugua akili, anatumia dawa, na siku ya mahari atakaa ubavuni mwangu. Anayeona haya asije. Baba wa kijana akasema watafikiri. Na wafikiri! Judy naye asema asiyemtaka dadake, yeye pia hamtaki.

Mpaka leo hawajajibu. Wewe njoo na hilo gauni.

Judy anakuletea kilo mbili za sukari. Nimechelewa, najua. Pole kwa kuugua, mwanangu.

Mamako