Mafuta Niliyotia Bwawa la Pili

Jumatatu, 3 Juni 2024
Patron Mansuri, mwenye mabwawa, ametushtua leo. Eti mafuta ya samaki basi! Yanatoka mbali, hayapatikani tena. Kuanzia kesho chakula cha tilapia tutachanganya na mawese ya Mama Beatrisi wa Kizuka, mabwawa yote mawili. Mawese — ya kupikia majani ya sombe! — kwa samaki? Miaka sita nachanganya chakula hapa Kigwena, na hakuna aliyeniuliza. Nimesema "sawa, patron". Moyoni, hapana.

Jumanne, 4 Juni
Limebaki pipa moja la mafuta ya samaki, nyuma ya stoo, linapigwa na jua. Bwawa la kwanza nimetia mawese. La pili nimetia yale ya zamani. Sikumwambia mtu. Patron ataona tofauti mwenyewe.

Jumapili, 16 Juni
Bwawa la kwanza wanakula mpaka maji yanaruka. Sielewi! La pili wanaonja, wanatema. Pipa linanuka kama rangi ya mlango. Labda ni hii baridi ya asubuhi.

Jumatano, 26 Juni
Mungu wangu! Bwawa la pili wamekufa. Matumbo juu, weupe, kutoka ukingo hadi ukingo. La kwanza wote wazima! Nimepasua watatu: maini ya njano, yanavunjika kwa kidole. Patron alishika kichwa. Kidumu kimoja cha mawese kilikuwa kibovu, anasema, Mama Beatrisi ametuletea sumu.
Bwawa la pili halikuwahi kupata mawese, na anayejua ni mmoja tu. Mimi!

Alhamisi, 27 Juni
Mama Beatrisi amekuja kwa mguu kutoka Kizuka, kidumu kichwani. Patron alimwambia mbele ya wafanyakazi wote kwamba hatauza tena hata tone pwani hii. Hakulia. Alimimina mawese kwenye kikombe, akanywa yote! "Kama iko sumu, nitaanguka hapa hapa, mutaniona."
Kisha akanigeukia. "Mwavita, mwanangu, wewe ndiye unachanganya. Uliona ubaya gani katika mafuta yangu?"
Macho yote kwangu. Nikasema naenda chooni.
Ndiyo, chooni! Naandika nimesimama, daftari ukutani. Vidole bado vinanuka lile pipa. Patron ameshaita mara mbili. Sasa namsikia Mama Beatrisi akimwambia asinikaripie — Mwavita hana uongo, mumuache apumue kidogo, atakuja kusema —