Bwawa la Burnsville Halina Punguzo

Shangazi, shikamoo.

Huku Burnsville, Marekani, theluji imeyeyuka, na bata wangu wamerudi bwawani nyuma ya nyumba. Jana alikuja dada wa chuo anayepima faida za bwawa kwa wakazi. Akaniuliza ningetoa dola ngapi ili lisifukiwe. Nikakumbuka ulivyonifundisha Kariakoo, nikaliponda kwanza: tope tupu, mbu, vyura makelele! Yeye anaandika tu. Nikasema dola mbili, nikageuka kuondoka ili aniite.

Shangazi, hakuniita! Akaenda zake kwa jirani. Nikamkimbilia na kandambili, nikiwasifia vyura, nikasema natoa hamsini.

Nimekukumbuka mno. Ila tafadhali, sokoni wasijue kwamba nimejipandishia bei mwenyewe.

Mwanao, Rehema