Kombe la Saba la Mwaja

Hatibu, ndugu yangu, ndiyo kwanza nimetoka kwa mshauri nasaha hapa Nkwenda. Uso sina pa kuuweka.

Wamjua Mwaja, mwana wa marehemu dada yangu, mwenye duka la vitenge. Ana miaka thelathini na minne, posa tatu amekataa. Wakubwa tukasema ni jini mahaba. Nikamwandikia kombe, aya za wino wa zafarani zilizooshwa kwa maji, akanywa. Mara sita, Hatibu! Mara sita!

Leo nilimpeleka alainishwe aikubali posa ya nne, watu wa Murongo wanaokuja Jumapili. Kombe la saba nililibeba kwenye chupa.

Bi Adventina, mshauri mwenyewe, alimwuliza kwanza: "Mjomba atoke?"

"Abaki, asikie."

"Haya. Wewe mwenyewe unajiona unaumwa?"

"Siumwi, dada. Watu nawapenda. Hamu ya kulala na mtu ndiyo sijapata kuijua, tangu nivunje ungo. Nimechoka kunywa zafarani."

"Basi hapa hatutibu kitu. Wapo wengi walio hivyo. Tutazungumzia hayo machovu."

Hayo machovu, Hatibu! Nikadakia, "Na sunna ya ndoa?"

Mwaja akanigeukia. "Mjomba, mama alikuachia amana. Hakukuachia mgonjwa."

Nikaificha chupa chini ya kanzu. Mimi, wa kutoa majawabu kila Ijumaa.

Murongo nimewapigia simu wasije. Na kombe, wajua, halimwagwi njiani.

Nimelinywa mwenyewe.