Prosesa Mbili, Kompyuta Moja

Caíque,

Maharage yako jikoni. Yapashe moto tu. Mpe Mama dawa saa sita. Kompyuta usiiguse hadi saa kumi na moja jioni.

Asubuhi niliikuta ikijikokota. Ulikuwa umetoa prosesa yangu na kuweka yako, kisha ukanijibu, "Dada, si zote zinaingia tundu lilelile? Tena yangu ndiyo moto!" Kwenye michezo ya kompyuta, nakubali. Lakini yako ina viini vinane vya kuchakata. Yangu ina kumi na sita, na picha za majengo huvihitaji vyote. Kwa yangu, picha za zahanati niliyoisanifu zitakamilika kwa saa saba. Kwa yako, kumi na mbili. Shindano la wasanifu linafungwa leo saa kumi na mbili jioni. Nimeshairudisha yangu, na kazi imeanza saa nne.

Mechi yako ya saa tisa ~~iahirishe~~ kaicheze kwa rafiki yako Joelson; kompyuta yake inaipokea prosesa yako. Prosesa yako imo ndani ya kasha lake, juu ya friji yetu.

Nilikesha wiki tatu kwa zahanati hii, nawe hukuuliza hata neno moja.

Bisibisi usiitafute. Nimeondoka nayo.

Dada yako