Kadi ya Mama Boni

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, viatu vyangu vina tope la Kibera na la Kawangware kwa pamoja, na nimekasirika. Afadhali niandike kabla sijamfokea mteja asiye na hatia.

Kesho ni Jumapili ya akina mama kanisani kwa mama yangu, Kawangware. Kila mwaka kadi hukusanywa kwenye kikapu, kijana mmoja huzisoma mbele ya watu wote, na mama akisikia jina lake huinuka akacheza hadi mbele huku wenzake wakipiga vigelegele. Kwetu, kadi ilikuwa kazi ya kaka yangu Boniface. Yeye alinunua, yeye aliandika, mimi nilitia sahihi tu pale chini. Boni alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo nimekuwa nikimpelekea mama leso nikidhani nimefanya la maana, mpaka juzi jirani yake aliponiambia kwamba mwaka jana wenzake wote walicheza, naye akabaki kwenye benchi akiwashikia mikoba.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Basi leo nikafunika cherehani yangu hapa Lindi, Kibera, nikaacha sare za shule za watu nusu nusu, nikaenda kutafuta kadi. Laini Saba, kando ya reli, muuzaji alinitolea boksi zima. Maua ya waridi, waridi tena, kisha mama mzungu amekaa ufuoni na mtoto wake. Kiingereza kitupu, cha maneno ambayo siwezi kumwambia mama nikiwa na uso mkavu. Moja ukiifungua inapiga muziki, na ukiifunga inaendelea.

"Chukua hii inang'ara, sista, itambamba mathe," akanisihi, eti mama ataifurahia.

Nikamwuliza kama ana ya Kiswahili. Alikuwa nayo moja tu, ya kumpa pole mfiwa.

Nikaenda Kambi Muru kwa Akinyi, ambaye hutengeneza kadi kwa mkono kutokana na vipande vya kitenge anavyochukua kwangu. Alinikatia mwanamke wa kitenge mwenye kilemba, mikono juu, anacheza. Ilikuwa kadi nzuri kuliko zote nilizoziona leo na nikaanza kufurahi. Kisha akachukua kalamu.

"Niandike mama nani?"

Mtaa mzima unamwita mama yangu Mama Boni. Aliitwa Mama Boni kabla mimi sijazaliwa. Shuleni walimu waliniita mdogo wake Boni. Nina miaka thelathini na moja na sijawahi kusikia mtu akimwita mama kwa jina langu, hata kwa bahati mbaya. Nikawaza, Mungu anisamehe, kwamba sasa Boni hayupo, zamu yangu imefika. Ndiyo, ninamwonea wivu marehemu. Nimeshaliandika, siwezi kulifuta.

"Mama Linet," nikamjibu.

"Kumbe we ndio wa kwanza kwenu?"

Nikasema ndiyo.

Nikaipeleka Kawangware mama aione kabla ya kesho, nikamkuta akichambua kunde. Alinawa mikono, akakausha kidole kimoja kimoja, akaipokea kadi na kumtazama yule mwanamke wa kitenge. Alitabasamu. Halafu akaifungua.

"Linet, hii ni ya nani?"

"Ni yako, mum."

"Mama Linet ndio nani?"

Hapo nikapandwa na hasira. Nimezunguka kwenye mvua, nimechafuka mpaka magotini, halafu naulizwa swali kama hilo. Nikamwambia mimi pia ni mtoto wake, na sikuokotwa. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na mama wa mlango wa pili akazima redio ili asikie vizuri.

Mama hakupandisha sauti.

"Wewe nikikuita, unaitika. Boni nitamwita wapi? Hawa watu wakiacha kuniita Mama Boni, hilo jina nani atalisema tena?"

Alinimiminia chai, nikainywa nusu. Nilipoinuka nikanyoosha mkono nichukue kadi nikairekebishe. Akaisogeza upande wake.

"Wacha hii, ni yangu. Ya kanisa andika ingine, na uandike vile naitwa."

Nimerudi Lindi nikinung'unika njia nzima. Nilimwelewa palepale, na bado niliudhika. Sijui kwa nini watu husema kuelewa kunapoza moyo. Wangu haujapoa.

Kwa Akinyi kumefungwa. Nimekata karatasi ya manila, ile ninayochorea mitindo ya nguo, nikaikunja katikati. Haina kitenge wala pambo lolote. Nimeketi kwenye cherehani na kalamu, nikaandika "Mama", vizuri kabisa. Kisha mkono ukagoma.

Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipoliandika jina la Boni. Ilikuwa kwenye orodha ya michango ya matanga yake. Kulitamka nilikuwa nimeacha pia. Huwa nasema "kaka yangu", au nabadilisha mada. Miaka mitatu mama amekuwa akiitwa jina hilo sokoni, kisimani na kanisani, akiitika kila mara, na mimi nilikuwa nikiomba watu waache kulitaja.

Nimeliandika. Boniface, lote, si Boni. Nimelia mpaka herufi mbili zikalowa, na siandiki kadi ya tatu.

Kesho kijana akisoma "Mama Boniface", mama atainuka. Vigelegele nitaanzisha mimi, hata kama bado nimemkasirikia.