Saa Tano za Kutoka Doha

Kemunto binti yangu,

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu. Mwalimu jirani amenipa karatasi, akaniuliza kama nataka aniandikie yeye. Nimekataa. Haya ni yetu.

Unakumbuka ulipokuwa mdogo, tukichuma chai? Kila ndege iliyopita juu ya kijiji chetu cha Marani uliuliza, "Tata, hiyo inaenda wapi?" Nami baba yako nilikujibu Kisumu. Zote nilizipeleka Kisumu, maana uwanja mwingine sikuujua. Siku moja ukaniambia, "Tata, sasa huko Kisumu si kumejaa?" Mama yako alicheka mpaka akaketi chini.

Kisha ukapata kazi ya kufua nguo hotelini Doha, tukakusindikiza hadi uwanja wa Nairobi. Ndizi alizokufungia mama yako ulizisahau kwangu. Tulizila njiani tukirudi. Nyumbani nilimwomba mwalimu aangalie kwa simu yake huko ni mbali kiasi gani. Akasema kilomita zaidi ya elfu tatu, ila angani ni saa tano na kidogo. Nikafurahi. Kutoka hapa hadi Nairobi kwa barabara ni saa saba, kwa hivyo nilijiambia umehamia karibu kuliko Nairobi. Nilimpa mama yako hesabu hiyo kila alipolia, naye alinyamaza.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoniponza alipofariki. Ulisema utapanda ndege Alhamisi jioni. Nikaona kufikia alfajiri uko hapa, nikatangaza maziko Ijumaa saa nane mchana, ili tumalize kabla Sabato haijaingia jua likizama. Sikujua kuna kushuka nchi nyingine na kungoja ndege ya pili hadi asubuhi. Ulinipigia Ijumaa saa tano asubuhi ukiwa ndiyo umetua Nairobi.

"Tata, ningojeeni."

"Mpaka jioni? Sabato itatukuta kaburini."

"Basi wekeni Jumapili."

Wajomba zako walikuwa wameshafika kutoka Nyamira, chakula kiko motoni, kaburi limechimbwa. Niliona aibu kuwaambia watu warudi. Nikakujibu, "Tutaona," nikakata simu.

Ulifika jua likizama, udongo wa kaburi ungali mbichi. Hukulia mbele yangu. Ulikaa siku mbili, ukaondoka bila kunipa mkono.

Tangu hapo nimekuwa mpweke, Kemunto, sina namna nyingine ya kulisema. Napika chai ya watu wawili kwa mazoea, kikombe kimoja kinapoa. Hata mbwa siku hizi anakula kwa mwalimu, nadhani huko kuna mazungumzo. Kuna wakati naita jina la mama yako nikitafuta chumvi, halafu nasimama tu jikoni.

Jambo moja nataka ulijue. Watu walipouliza kwa nini hukumzika mama yako, niliwaambia ndege ilichelewa. Wakanihurumia, wakailaumu ndege. Sabato iliyopita nilisimama kanisani, mbele ya wazee na akina mama wote. Nikawaambia ndege haikuchelewa. Ulituomba siku mbili, na marehemu hakuwa na haraka. Mimi ndiye sikungoja.

Kaa salama huko, mwanangu. Mimi nipo.

Tata yako