Mfuko wa Makaa wa Jirani Yako

Kamau, wewe uliyebeba jina la babu yako,

Huku Minneapolis tuko wazima. Mama yako yuko kazini hospitalini, na baba yako anaondoa theluji mlangoni huku akiimba, kama mtu anayepalilia mahindi.

Unaniuliza kwa nini watu wa huko kwenu Atlanta wanahangaishwa na theluji ambayo huku watoto huikanyaga tu wakienda shule. Umeandika kwenye ujumbe wako wa leo kwamba stima imepotea, nyumba nzima haina umeme, na kwamba ulimcheka yule mzee wa nyumba ya chini alipopita na mfuko wa makaa, eti anataka kuchoma nyama kwenye baridi hii.

Nilipofika hapo niliacha kusoma, nikachukua simu.

Nilipokuwa msichana kule Kinangop, kaka yangu alioa binti wa Mombasa. Baridi yetu ilimtesa, na majirani walimcheka hadi akaona haya kuuliza chochote. Sisi tulijua kuwasha jiko la makaa nje na kuacha dirisha wazi, maana hewa yake ina sumu. Yeye hakuna aliyemwambia. Asubuhi moja aliingiza jiko chumbani, akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa leso. Mama alibisha hodi, akasikia kimya, akadhani amelala, akaenda zake shambani.

Yaliyofuata sitayaandika.

Nimekupigia simu, hushiki. Baba yako ataipiga picha barua hii akutumie sasa hivi. Shuka ubishe hodi kwa huyo mzee. Ukisikia kimya, mjukuu wangu, usiondoke.

Shosho wako